Somo la Hesabu: Kupima Ujazo kwa Michemraba Midogo



Katika wilaya ya Kasese wako wengi ambao hawalipwi kwa siku wala kwa mwezi. Hulipwa kwa kipimo. Anayepakia mchanga wa mto Nyamwamba hulipwa kwa tripu ya tipa. Anayechimba mtaro wa bomba au mfereji wa kumwagilia shamba hulipwa kwa mita. Anayepakia na kupakua malori kule Bwera na mpakani Mpondwe hulipwa kwa idadi ya katoni. Kazi ya namna hii haina ubaya wowote, ikiwa kipimo ni cha haki na pande zote mbili zinakifahamu. Lakini kipimo kikijulikana na upande mmoja tu, mshahara hubaki mikononi mwa huyo anayeshika futikamba.

Kwa hiyo somo la leo ni kupima ujazo wa kitu chenye umbo la sanduku. Hesabu yake si ngumu. Anayejua kuzidisha ataiweza leo hii, na ambaye hajui kuzidisha ataiweza kwa kuhesabu tu, maana tutaanza na vipande vya muhogo. Tunaombwa tusisome kwa macho peke yake. Shika kisu na kalamu, kaa na wenzako wawili watatu, mfanye pamoja.

1. MANENO TUTAKAYOTUMIA

Kitu chenye pande sita, kila upande ukiwa mstatili, huitwa mche mstatili. Neno hili lisikutishe. Sote tunajua mche wa sabuni, ule mrefu unaokatwa vipande dukani. Umbo lake ndilo hilo. Sanduku, tofali, katoni, bodi ya tipa na mtaro uliochimbwa vizuri, vyote ni mche mstatili.

Ikiwa urefu, upana na kimo vyote vimelingana, umbo hilo huitwa mchemraba. Dadu ya kuchezea ni mchemraba.

Ujazo ni kiasi cha nafasi ambayo kitu kinachukua, au kiasi cha vitu vinavyoweza kuingia ndani yake. Kitambaa tunakipima kwa mita na nafaka kwa kilo. Nafasi tunaipima kwa michemraba. Tunauliza swali moja tu: ni michemraba mingapi inayojaza mahali hapa bila kubakiza pengo?

2. TUANZE KWA MIKONO

Kata muhogo mbichi, au finyanga udongo, upate michemraba 24 iliyolingana. Kila upande uwe na urefu wa kama sentimita 2. Ikizidi kidogo si neno, mradi yote ifanane.

Hatua ya kwanza: panga michemraba 4 katika mstari mmoja. Huo ndio urefu.

Hatua ya pili: panga mistari mingine miwili ya namna hiyo kando yake, iwe mistari 3 iliyogusana. Huo ndio upana. Hesabu: 4 mara 3 ni 12. Umepata tabaka moja la chini.

Hatua ya tatu: juu ya tabaka hilo weka tabaka jingine lililo sawa nalo. Hicho ndicho kimo. Hesabu: 12 mara 2 ni 24. Michemraba yako yote imekwisha.

Sasa angalia ulichokifanya. Hukuhesabu moja, mbili, tatu mpaka 24. Ulihesabu mstari, ukahesabu mistari katika tabaka, kisha ukahesabu matabaka. Kanuni yote ya ujazo ni hiyo:

Ujazo = urefu × upana × kimo.

Mwalimu wa shule huiandika ubaoni na mwanafunzi akaikariri, lakini mara nyingi wote wawili husahau kwamba maana yake ni matabaka. Sisi tusisahau. Urefu mara upana ni tabaka moja. Kimo ni idadi ya matabaka.

Kabla hujaendelea, bomoa rundo lako ulijenge upya. Weka mistari 4 ya michemraba 6, tabaka moja tu. Au mistari 2 ya michemraba 6, matabaka mawili. Au weka yote 24 katika mstari mmoja mrefu. Kwa macho, rundo refu la chini litaonekana kubwa kuliko lile la kwanza. Lakini ni michemraba 24 ile ile. Jicho hudanganyika, hesabu haidanganyiki. Atakayekuambia "rundo lako ni dogo, naliona hapa," mjibu kwa utulivu, "tulipime."

Elimu hii si ya wazungu wala si ya jana. Katika bonde la mto Nile, karani wa Misri aliyeitwa Ahmes aliandika kitabu cha hesabu miaka ipatayo 1550 kabla ya Kristo. Karatasi zake za mafunjo zimehifadhiwa London mpaka leo. Hesabu mojawapo ni ya ghala la nafaka lenye urefu wa dhiraa 10, upana wa dhiraa 10 na kimo cha dhiraa 10. Ghala hilo lina dhiraa 1,000 za ujazo. Kwa hiyo tangu zamani hizo waliopima mavuno ya wakulima walikuwa wanaijua hesabu hii. Yafaa nao wanaobeba magunia waijue.

3. LITA, JERIKENI NA MITA YA UJAZO

Kazini hatutumii vipande vya muhogo. Tunatumia michemraba ya kipimo kinachojulikana nchi nzima.

Mchemraba wenye sentimita 10 kila upande hujaa lita 1 kamili ya maji. Tuuite mchemraba wa lita.

Mchemraba wenye mita 1 kila upande huitwa mita 1 ya ujazo. Je, ndani yake huingia michemraba mingapi ya lita? Wengi hujibu upesi: 10. Wengine husema 100. Tuhesabu matabaka. Mita 1 ina sentimita 100, basi mstari mmoja una michemraba 10. Tabaka moja lina mistari 10, yaani michemraba 100. Matabaka ni 10. Jibu ni 1,000.

Kumbe mita 1 ya ujazo ni lita 1,000. Ukizichota kwa jerikeni za lita 20 utajaza jerikeni 50. Maji hayo yana uzito wa tani 1. Mchanga mkavu wa kujaza nafasi hiyo huwa na uzito wa kama tani 1 na nusu. Ndiyo sababu nusu mita ikipotea katika daftari la karani si jambo dogo. Kuna mtu aliyeinua uzito huo kwa koleo na jasho lake.

4. MTARO: MATABAKA YALIYOPOTEA

Tuchukue mfano. Wafanyakazi wamechimba mtaro wenye urefu wa mita 30, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 90. Patano lao ni kulipwa kwa mita ya ujazo. Tuseme, kwa mfano tu, shilingi 10,000 kwa kila mita moja.

Tupange michemraba ya lita. Urefu wa mita 30 unachukua michemraba 300. Upana wa sentimita 60 unachukua 6. Tabaka moja ni 300 mara 6, yaani 1,800. Kina cha sentimita 90 ni matabaka 9. Basi 1,800 mara 9 ni 16,200. Hizo ni lita 16,200, ambazo ni mita 16.2 za ujazo. Malipo ni shilingi 162,000.

Sasa karani anakuja jioni, udongo umekwisha kuporomoka kidogo upande mmoja. Anachomeka fimbo mahali pale palipoporomoka na kuandika kina cha sentimita 75. Urefu ameuandika sawa, na upana vilevile. Sentimita 15 zaonekana si kitu. Lakini sentimita 15 ni tabaka moja na nusu, na kila tabaka lina michemraba 1,800. Zimepotea lita 2,700, yaani mita 2.7 za ujazo, sawa na shilingi 27,000.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Urefu wa mtaro kila mtu anauona, na upana pia. Ni vigumu kumwibia mtu mita 5 za urefu mchana kweupe. Kimo au kina ndicho kinachopotea kwa urahisi, maana hakionekani vizuri, na kila sentimita yake imebeba tabaka zima.

Basi kina kipimwe mahali pengi. Pima mwanzo, katikati na mwisho, na ikiwezekana kila baada ya mita 5. Jumlisha vipimo vyote, ugawanye kwa idadi ya mahali ulipopima, upate kina cha wastani. Kisha pimeni siku ile ile kazi ilipokwisha, kabla mvua haijanyesha. Mvua za milima ya Rwenzori hazimsubiri karani.

Jambo la pili kuhusu mtaro: udongo ukichimbwa huvimba. Uliokuwa umeshindiliwa ardhini ukitupwa kando huchukua nafasi kubwa zaidi. Udongo wa kawaida huongezeka kama robo, na mara nyingine zaidi ya hapo. Kwa hiyo yapasa kupatana mapema: tunapima shimo au tunapima rundo? Anayelipwa kwa kuchimba hupimiwa shimo. Anayelipwa kwa kubeba udongo na kuupakia hupimiwa rundo, au bodi ya gari. Ukikubali kubeba kwa kipimo cha shimo, umebeba robo nzima bila malipo.

5. TIPA NA MBAO ZA KUONGEZA

Mafuriko ya Nyamwamba ya mwezi wa Mei 2013, na yale ya Mei 2020, yalishusha mawe na mchanga mwingi kutoka milimani, yakaharibu nyumba na mali nyingi katika bonde la Kilembe. Watu wa Kasese huchota mchanga na kugonga kokoto mtoni humo. Hapo kipimo cha kawaida ni tripu. Lakini tripu si kipimo, ndugu zangu. Tripu ni safari. Kipimo ni bodi ya tipa.

Tuseme bodi ina urefu wa mita 3.5, upana wa mita 2 na kimo cha sentimita 60. Tabaka moja la michemraba ya lita ni 35 mara 20, yaani 700. Matabaka ni 6. Jumla ni lita 4,200, au mita 4.2 za ujazo.

Mwenye gari anaongeza mbao juu ya bodi, sentimita 20 kuzunguka pande zote. Malipo ya tripu hayabadiliki. Je, ameongeza nini? Matabaka mawili ya michemraba 700, yaani lita 1,400. Bodi sasa inabeba mita 5.6.

Linganisheni. Tripu 3 zenye mbao ni 5.6 mara 3, yaani mita 16.8. Tripu 4 bila mbao ni 4.2 mara 4, nazo ni mita 16.8 vilevile. Maana yake, wapakiaji wanaojaza tripu 3 zenye mbao wamefanya kazi ya tripu 4 na kulipwa 3. Na zile mita 1.4 za nyongeza katika kila tripu zina uzito wa kama tani 2 za mchanga mkavu. Ukiwa umelowa, uzito huzidi.

Hatusemi mbao ni haramu. Mwenye gari anaweza kuwa na sababu zake. Tunachosema ni kwamba bei ya tripu ifuate kimo cha bodi. Kimo kikiongezeka kwa theluthi, malipo nayo yaongezeke kwa theluthi. Na kilele cha mchanga kinachorundikwa juu ya bodi kama mlima nacho ni mchanga. Ama kisawazishwe kwa ubao, ama kilipiwe.

6. SANDUKU LA ZEGE

Mfano huu ni wa mafundi na vibarua wa ujenzi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kama ile inayotoka kiwandani Hima, ukimwagwa huchukua nafasi ya kama lita 35. Ndiyo maana fundi hutengeneza sanduku la mbao la kupimia mchanga na kokoto lenye sentimita 35 kwa 40 kwa 25. Sanduku moja ni sawa na mfuko mmoja.

Tulithibitishe kwa michemraba ya sentimita 5. Urefu wa sentimita 40 unachukua 8. Upana wa sentimita 35 unachukua 7. Tabaka moja ni 56. Kimo cha sentimita 25 ni matabaka 5. Jumla ni michemraba 280. Kila mmoja una 5 × 5 × 5, yaani sentimita 125 za ujazo. Basi 280 mara 125 ni sentimita 35,000 za ujazo, ambazo ni lita 35. Sanduku ni sahihi.

Ikiwa mtu amelitengeneza kwa kimo cha sentimita 30 badala ya 25, ameongeza tabaka moja la michemraba 56, yaani lita 7. Hapo wabebaji wanabeba sehemu moja ya tano zaidi katika kila safari. Lakini si hilo tu. Zege la mfuko 1, mchanga masanduku 2 na kokoto masanduku 4 sasa limekuwa 1 kwa 2.4 kwa 4.8. Saruji imepungua nguvu yake. Nguzo na zege la dari linalomwagwa hivyo huwa dhaifu, na mtu wa kwanza kusimama chini yake ni mfanyakazi. Kimo cha sanduku si suala la mshahara peke yake. Ni suala la usalama pia.

7. KATONI ZA MPONDWE

Mfano wa mwisho unahusu heshima ya mtu. Lori lina nafasi yenye urefu wa mita 6, upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.1. Mzigo ni katoni za mafuta ya kupikia, zenye sentimita 40 kwa 30 na kimo cha 25. Kila katoni ina mshale unaoonyesha upande wa juu, hivyo haiwezi kulazwa ubavu.

Karani ofisini anagawanya ujazo kwa ujazo. Lori lina mita 30.24 za ujazo. Katoni moja ina mita 0.03. Anapata katoni 1,008. Lori linafika, wapakuaji wanahesabu 960. Karani anapaza sauti: katoni 48 zimeibwa!

Tupange matabaka. Urefu wa sentimita 600 unachukua katoni 15. Upana wa sentimita 240 unachukua 8. Tabaka moja ni 120. Kimo cha sentimita 210 kinachukua katoni 8, nazo ni sentimita 200. Zinabaki sentimita 10 juu, na katoni yenye kimo cha 25 haiingii katika sentimita 10. Basi 120 mara 8 ni 960. Hakuna kilichoibwa. Katoni 48 za karani zilikuwa hewa.

Tujifunze hapa kwamba maji na mchanga hujaza kila pembe, lakini katoni haikatwi vipande. Kwa vitu vizima, usigawanye ujazo kwa ujazo. Hesabu mstari, hesabu tabaka, hesabu matabaka, na kipande kinachobaki ukiache.

8. TUFANYE NINI KAZINI

Kujua hesabu peke yako hakutoshi. Mtu mmoja akibishana na msimamizi huitwa mkorofi. Kikundi kizima kikiwa na daftari, hayo ni mazungumzo.

(a) Kabla ya kuanza kazi, patana juu ya kipimo: ni shimo au rundo, bodi yenye mbao au isiyo na mbao. Patano liandikwe.

(b) Kikundi kiwe na futikamba yake. Bei yake wakichangia watu kumi si kubwa.

(c) Wawili wapime pamoja na karani, mmoja upande wake na mmoja upande wenu. Waandike urefu, upana na kimo mbalimbali, si jumla peke yake. Jumla huficha, vipimo vitatu havifichi.

(d) Daftari la kikundi liwekwe na mtu anayeaminika, liwe na tarehe ya kila kipimo.

(e) Kumbukeni kwamba Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa maandishi yanayoonyesha malipo yake na makato. Ulizeni maandishi hayo, myalinganishe na daftari lenu.

(f) Hitilafu ikitokea, mwakilishi wa chama apelekewe vipimo, si manung'uniko.

MAZOEZI

1. Tangi la maji lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1. Linajazwa na jerikeni ngapi za lita 20?

2. Bodi ya tipa ina mita 4 kwa mita 2, kimo nusu mita. Mbao za sentimita 25 zimeongezwa. Tripu 2 zenye mbao ni sawa na tripu ngapi bila mbao?

3. Lori lina mita 4 kwa mita 2, kimo mita 1.7. Katoni zina sentimita 50 kwa 40, kimo 30, nazo haziruhusiwi kulazwa. Zinaingia ngapi?

MAJIBU

1. Mita 3 za ujazo, yaani lita 3,000. Jerikeni 150.

2. Bila mbao ni mita 4, pamoja na mbao ni mita 6. Tripu 2 zenye mbao ni mita 12, sawa na tripu 3.

3. Tabaka moja ni 8 mara 5, yaani 40. Matabaka ni 5, zinabaki sentimita 20. Jibu ni katoni 200. Aliyegawanya ujazo kwa ujazo amepata 226, naye arudi sehemu ya 7.

Aliyefaulu mazoezi haya amfundishe jirani yake kabla ya siku ya malipo. Mtu mmoja mwenye hesabu anaweza kuondolewa kazini, lakini kikundi kizima chenye hesabu hupimiwa sawasawa.